Marathoni ya kuchangia mbwa waongozaji: nafasi ya hisani London, kiingilio changu mwenyewe kwingine, au nikimbie Moshi?

NesiWaLeeds

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kuamua.

Mwakani nataka kukimbia marathoni yangu ya kwanza, kilomita 42 na ushee, na nimekusudia kuchangisha pesa kwa ajili ya mbwa wanaoongoza watu wasioona. Nafanya kazi kliniki ya macho hapa Leeds na wagonjwa wengine huja na mbwa wao. Mtu ambaye zamani hakutoka nyumbani bila kushikwa mkono anafika peke yake, amepanda mabasi mawili, na anaondoka peke yake. Hilo limeniingia moyoni na sitaki liishie kwenye maneno.

Njia zilizobaki mezani ni tatu. Ya kwanza ni London Marathon kwa nafasi ya hisani: shirika la Guide Dogs linanunua nafasi kwa waandaaji, linakupa moja, nawe unaahidi kuchangisha kiasi walichopanga. Kwa mashirika mengi yanayotoa nafasi London kiasi hicho ni kama pauni 2,000. Bahati nasibu ya kawaida siitegemei, maana kwa mbio za 2026 waliomba watu zaidi ya milioni 1.1.

Ya pili ni kulipa kiingilio mwenyewe, Manchester au Brighton, halafu nichangishe kadiri nitakavyoweza bila kufungwa na ahadi.

Ya tatu ni kurudi nyumbani nikimbie Kilimanjaro Marathon. Nimekulia Moshi, ndugu wote wapo pale. Ila hapo nakwama: pesa zitakwenda kwa nani? Nyumbani sijawahi kuona mbwa mwongozaji hata mmoja.

Ningependa kusikia waliokimbia, waliochangisha, na zaidi ya wote wasioona wenyewe.

HesabuReading

Hongera dada. Nimechangisha mara kadhaa kupitia mbio hapa Uingereza na kazi yangu ni uhasibu, kwa hiyo nitakaa kwenye pesa. Mengine watasema wenye kuyajua.

Nafasi ya hisani imenunuliwa na shirika, kwa hiyo sehemu ya kwanza ya michango yako inarudisha gharama ya nafasi, na kinachozidi ndicho kinachofika kwenye kazi. Ukilipa kiingilio mwenyewe, pauni ya kwanza kabisa inakwenda kwa mbwa. Kwa hesabu hiyo peke yake njia ya pili inashinda.

Lakini watu hutoa kwa kile wanachokijua. Ukimwambia mwenzako wodini kwamba unakimbia London hahitaji maelezo, ameiona kwenye televisheni tangu utotoni. Mbio zenyewe zipo tangu 1981. Mwaka 2025 pekee wakimbiaji wa London walichangisha pauni milioni 87.3, iliyokuwa rekodi kwa tukio la hisani la siku moja. Mvuto huo ni mtaji wako. Halafu ahadi humwamsha mtu. Anayejua kwamba anadaiwa pauni 2,000 haachi kuomba. Asiyedaiwa hufika 300 akaona inatosha. Mimi ningekwenda London, kwa sharti moja: usiahidi kabla hujaandika majina ya watu utakaowaomba na kiasi unachodhani kila mmoja atatoa. Jumla ikigoma kufika hata 1,200, chagua njia ya pili na moyo wako utatulia.

Kuhusu Gift Aid, kwa wasioijua: mtu anayelipa kodi Uingereza akitoa pauni 10 na kuweka alama kwenye kile kisanduku, serikali inaongeza pauni 2.50. Mashirika mengi hayahesabu nyongeza hiyo kwenye ahadi yako, soma masharti. Na tafadhali usikusanye michango ya wengine ukailipa kwa kadi yako kisha ukaiwekea Gift Aid. Hela ya kikundi cha WhatsApp si yako, na kila mtoaji anatakiwa kutangaza mwenyewe kwamba analipa kodi. Sisi tumezoea mweka hazina kukusanya na kupeleka kwa pamoja, na kwa harambee ya nyumbani ni sawa kabisa, ila kwenye Gift Aid haikubaliki. Michango ya jamaa wa Dar na Moshi iingize bila kuweka alama ile.

PwaniLeicester

Assalaam aleikum nyote. Dada, ikiwa utaomba kwa jamii yetu ya Waislamu, jiandae kuulizwa habari ya mbwa, na ni vizuri uwe na jibu la heshima.

Sisi watu wa pwani ni Mashafii, yaani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii. Mate ya mbwa ni najisi, chombo alichokilamba huoshwa mara saba na moja kwa udongo. Watoto wetu wanakua wakijua hivyo, na kwa wengi mbwa ni kitu cha kukaa naye mbali. Lakini kufuga mbwa mwenye kazi, wa kuwinda, wa kuchunga, wa kulinda, kumeruhusiwa tangu mwanzo. Mbwa wa kuongoza asiyeona wanazuoni wengi wa leo wanamuweka humo humo. Hapa Leicester mwaka 2008 kijana wa Kiislamu asiyeona aliruhusiwa kwa fatwa kwenda msikitini na mbwa wake. Mbwa anatengewa mahali pake karibu na mlango, mwenyewe anaingia kuswali. Habari hiyo ilienea nchi nzima. Ukiwasimulia wazee wa msikiti kisa hicho, kwa upole, utaona nyuso zinabadilika.

La pili, miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Ni mwezi ambao watu wanatoa sana. Omba sadaka, usiombe zaka. Zaka ina makundi yake manane yaliyotajwa na mtu hataki kuingia shaka. Sadaka mlango wake ni mpana.

Kati ya njia zako tatu, mimi ningechagua London. Jamaa zangu wa hapa wanatoa wakiona kitu kiko karibu nao.

Mwana_wa_Kikuyu

Salamu kutoka Kikuyu. Ningependa kuongeza njia ambayo hukuitaja, Nairobi Marathon ya Oktoba. Ilianza 2003, na kwa miaka mingi mapato yake yalikwenda kwenye mpango wa Seeing is Believing wa benki ya Standard Chartered, kutibu macho ya watoto ambao wangepofuka bure. Baadaye benki iliuhamishia msaada wake kwa vijana na ajira. Kwa hiyo ukikimbia Nairobi siku hizi ukitaka pesa ziende kwa macho, itabidi uchague shirika mwenyewe.

Nimeitaja kwa sababu ya Henry Wanyoike, mtu wetu wa hapa. Alilala 1995 akiwa anaona, akaamka haoni, kiharusi kilimpokonya macho akiwa kijana. Wataalamu wa kitengo cha macho cha hospitali ya Kikuyu ndio waliomrudisha kwenye maisha na kwenye mbio. Sydney 2000 alishinda mita 5,000 za Paralimpiki, na karibu na mwisho kiongozi wake aliishiwa nguvu, ikawa Wanyoike ndiye anayemvuta yeye kuelekea utepe. Athens 2004 akachukua dhahabu ya 5,000 na ya 10,000. Sasa, mtu huyo hakuhitaji mbwa. Alihitaji hospitali, mafunzo, na rafiki mwenye pumzi. Siwapingi wenye mbwa hata kidogo, nasema tu kwamba pesa ya macho ina milango mingi huku kwetu.

MamaBirmingham

Simu yangu imenisomea mjadala wote na nimefurahi. Nimezaliwa Nakuru, naishi Birmingham, na presha ya macho ilinimalizia uwezo wa kuona nikiwa mtu mzima. Natembea na mbwa. Mniruhusu niseme kwa urefu kidogo.

Watu hudhani mbwa anaijua njia. Njia naijua mimi. Nasema kushoto, kulia, mbele. Kazi yake ni kunipitisha salama: anakwepa nguzo na baiskeli zilizoegeshwa, anasimama kwenye ukingo wa barabara na kwenye ngazi mpaka nimwambie tuendelee. Hasomi taa za barabarani. Ninayesikiliza magari na kuamua kuvuka ni mimi. Lakini nikimwambia mbele na kuna gari linakuja, anakataa kuondoka. Amefundishwa kutotii amri itakayotuumiza. Fikirini kumfundisha mnyama lini atii na lini agome, hiyo si kazi ya wiki mbili.

Mtoto wa mbwa akifikisha wiki nane hivi hupelekwa kwa familia inayojitolea. Hukaa huko mwaka mmoja au zaidi akizoezwa watu, mabasi, kelele za soko, paka. Kisha huchukuliwa na wakufunzi. Anaanza kazi akiwa na miaka miwili hivi na kustaafu akikaribia kumi. Si wote wanaofuzu. Wengi ni Labrador, au Labrador aliyechanganywa na golden retriever. Tena kuna kulinganisha: mwendo wangu, urefu wangu, nyumba yangu, kama natembea sana au kidogo. Wengine husubiri muda mrefu kabla ya kupata anayewafaa.

Nililipa nusu pauni. Ndiyo bei wanayotoza, kwa jina tu. Gharama halisi ya mbwa mmoja tangu kuzaliwa mpaka kustaafu ni makumi ya maelfu ya pauni, na inatoka mifukoni mwa watu, wosia za marehemu, na wakimbiaji kama wewe, mwanangu. Imekuwa hivyo tangu 1931, Muriel Crooke na Rosamund Bond walipoanza na mbwa wanne kule Wallasey ng'ambo ya Liverpool: Judy, Flash, Folly na Meta.

Kwa hiyo jibu langu ni London. Na ukisimama na kopo la kuchangisha, waambie watu mambo mawili: wasimpapase mbwa akiwa kazini, maana wanamtoa kwenye fikira zake, na dereva wa teksi au mwenye mgahawa hana haki ya kumkataa, sheria ya usawa ya 2010 inatulinda. Kukataliwa mlangoni kunaumiza kuliko kujigonga kwenye nguzo.

NesiWaLeeds

Shikamoo mama. Asante kwa maelezo haya. Swali: ni kweli wapo wanaokimbia marathoni na mbwa wao? Kuna mtu kazini aliniambia.

Pacha_wa_Iten

Nijibu hilo, maana huwa naongoza wakimbiaji wasioona. Mbwa mwongozaji wa kawaida hufundishwa kutembea, hafundishwi kukimbia. Lakini lipo shirika la Marekani, Guiding Eyes for the Blind la New York, lililoanzisha mafunzo ya mbwa wa kukimbia. Rais wake wa wakati huo, Thomas Panek, ambaye mwenyewe haoni, alimaliza nusu marathoni ya New York 2019 akiongozwa na mbwa watatu kwa kupokezana: Westley, Waffle na Gus. Watatu kwa kilomita 21, hapo unaona wanavyotunza afya ya mnyama. Marathoni nzima kwenye lami katikati ya umati ni mzigo mwingine.

Wasioona wengi hukimbia na mtu. Mnashika kamba fupi, kila mmoja upande wake, mikono inaenda pamoja. Kiongozi anataja kila kitu mapema: kona ya kulia, tuta, maji mezani, watu watatu mbele. Havuti, na kwenye mashindano hatangulii mstari wa mwisho. Pumzi yako lazima izidi ya mwenzako, kwa sababu wewe unakimbia na kuongea.

Nakushauri ujifunze kazi hiyo. Kwenye parkrun za Jumamosi asubuhi, ambazo ni bure na zimejaa huko Uingereza, mara nyingi hutafutwa watu wa kuongoza. Utafanya kilomita zako tano na mtu ambaye bila wewe asingekimbia siku hiyo. Na ukimuomba mtu mchango utakuwa unaongea kutoka kwenye mkono wako mwenyewe.

Kuhusu njia: kwa marathoni ya kwanza London ni rahisi kuliko Moshi. London inashuka mwanzoni kutoka Blackheath, hatari yake ni kuchangamka mno. Shikilia mwendo wako mpaka Cutty Sark, ile meli ya kale, karibu kilomita 10. Utavuka Tower Bridge ukikaribia nusu, makelele yatakuinua, usiyafuate. Kazi yenyewe iko Canary Wharf, kilomita 30 na kuendelea. Moshi ni jua na ule mpando wa kuelekea Mweka, na wewe utakuwa umefanya mazoezi kwenye baridi ya Leeds. Manchester ni tambarare sana, ukitafuta muda mzuri nenda huko.

FimboNyeupe

Habari zenu. Ni mwalimu, niko Dodoma, sioni tangu utotoni kwa sababu ya surua. Dada amewaomba wasioona waseme, basi nami niseme la kwetu.

Usilete mbwa Tanzania. Nalisema bila uchungu wowote, na habari ya mama wa Birmingham nimeisoma kwa furaha. Mbwa mwongozaji anategemea mambo mengi yaliyo nyuma yake: shule ya kumfundisha, mkufunzi wa kuja nyumbani mambo yakiharibika, daktari wa mifugo, chakula cha kila siku, njia ya waenda kwa miguu inayoanza na kuishia mahali. Afrika Kusini wanayo shule yao Johannesburg tangu 1953 na wanaendelea. Kwetu, njia ya miguu imekaliwa na bodaboda na meza za wachuuzi, mtaro uko wazi, na mbwa wa mtaani wanazunguka kwa makundi. Mwalimu mwenye mshahara kama wangu akilisha mbwa mkubwa kila siku, watoto watapunguziwa. Na abiria wa daladala wakimwona mbwa watashuka wote.

Tunachokosa ni fimbo nyeupe na mtu wa kutufundisha kuitumia. Wengi wanapewa fimbo tarehe 15 Oktoba, siku ya fimbo nyeupe, wanapigwa picha, basi. Fimbo bila mafunzo inawekwa nyuma ya mlango. Mafunzo ni kazi ya wiki nyingi: kupima hatua, kusikia mwangwi wa ukuta, kuvuka barabara, kuomba msaada bila kuburutwa. Nimewafundisha vijana, nimewaona wakienda sokoni wenyewe kwa mara ya kwanza. Kwa mwenye mtoto wa jicho, upasuaji mfupi unamrudishia macho yake, na wapo wazee vijijini wanaokaa gizani kwa kukosa nauli ya kufika hospitali. Moshi mna hospitali ya KCMC, Dar ipo ya CCBRT, wataalamu tunao.

Kwa hiyo ningetenganisha. Pesa ya mbwa ichangishwe na ibaki Uingereza, ambako mfumo wake umekamilika na utaona matokeo. Ukija Moshi, kimbia kwa ajili ya fimbo, mafunzo na mtoto wa jicho. Ukichanganya mambo mawili kwenye ukurasa mmoja watoaji wa huko hawatajua wanatoa kwa nini, na wa huku watauliza mbwa wako wapi.

Mwana_wa_Kikuyu

Mwalimu, umenena. Niongeze tu kwamba hata kwetu Kenya hali ni hiyo hiyo.

MamaBirmingham

Mwalimu, nakubaliana nawe kabisa, na hata mimi nilianza na fimbo. Hapa hakuna anayepewa mbwa kabla ya kujua kuzunguka mwenyewe. Fimbo bado ninayo kwenye mkoba, siku mbwa akiumwa ndiyo inayonitoa.

NesiWaLeeds

Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Nimeamua hivi.

Naomba nafasi ya hisani London, kwa ajili ya Guide Dogs. Nimefuata ushauri wa HesabuReading nikaandika majina: wenzangu kazini, parokia, Watanzania wa Leeds na Bradford, na jioni moja ya chakula, pilau na sambusa, ambayo mama mmoja wa hapa ameshakubali kunisaidia kupika. Jumla inakaribia 2,000 bila kujidanganya. Na Jumamosi hii naenda parkrun kuuliza kama wana mtu wa kuongozwa.

Moshi sijaiacha. Mwaka unaofuata nitakimbia nusu marathoni pale, kwa ajili ya fimbo na mafunzo, ukurasa wake peke yake. Mwalimu, nitakutafuta mapema unieleze mafunzo ya kijana mmoja yanahitaji nini hasa, kuanzia nauli ya mwalimu, ili niombe kiasi cha kweli.

HesabuReading, la mwisho: wakininyima nafasi nifanyeje? Na kopo naweza kusimama nalo barabarani tu?

HesabuReading

Omba mapema, nafasi zao ni chache na wanachagua. Kwenye fomu andika uliyotuandikia sisi: kliniki, majina, jioni ya chakula, parkrun. Wanachotafuta ni mtu mwenye mpango. Wakikunyima, uliza kama wana nafasi za Great North Run, Septemba, nusu marathoni kutoka Newcastle hadi South Shields. Hapo utakuwa umepata mazoezi ya kuchangisha kabla ya kuomba tena London.

Kopo la barabarani linahitaji kibali cha halmashauri ya mji. Ndani ya duka au hospitalini unahitaji ruhusa ya wenye jengo. Shirika lenyewe litakupa kopo lililofungwa na barua. Usitumie la kwako. Siku ya pilau, weka fomu za Gift Aid karibu na sanduku la michango, lakini bei ya sahani haiingii humo kwa sababu mtu amepata chakula. Anayeongeza juu ya bei, ile nyongeza ndiyo mchango, na ajaze fomu kwa jina lake na anwani yake.

PwaniLeicester

Ikiwa sambusa ni za nyama halali, nitaleta gari zima kutoka Leicester. Tuandikie tarehe.

NesiWaLeeds

Nyama ni halali, na nitawaambia tarehe nikishapata ukumbi.